Wakili, Mgodi na Amri ya Mahakama

Tundu Antiphas Lissu alizaliwa Januari 20, 1968 katika kijiji cha Mahambe, Ikungi, mkoani Singida, lakini jina lake la uwakili lilikomaa mkoa wa jirani, Shinyanga, kwenye machimbo ya dhahabu ya Bulyanhulu wilayani Kahama. Alisoma sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akachukua shahada ya uzamili Warwick, Uingereza, kisha akafanya kazi na LEAT, chama cha wanasheria wa mazingira kilichoanzishwa mwaka 1994. Baadaye akawa mbunge, rais wa Chama cha Wanasheria Tanganyika, mgombea urais na mwenyekiti wa CHADEMA. Wanasheria waliogeukia siasa ni wengi Afrika Mashariki. Kilichoitofautisha safari hii ni swali ambalo limemfuata kila alipohamia: mtu analazimika kutii sheria kwa sababu gani, na wajibu huo unakuwa na maana gani pale ambapo mwenye nguvu haitii?

Dhahabu ya Bulyanhulu iligunduliwa miaka ya 1970. Wachimbaji wadogo walianza kumiminika huko kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati bei ya pamba ilipokuwa haimtoshi mkulima wa Usukumani na serikali ikiwa imelegeza biashara ya madini. Vijiji vilivyojulikana kwa mahindi na ng'ombe viligeuka miji ya maturubai, yenye mama lishe, mafundi baiskeli na wanunuzi wa dhahabu waliotembea na mizani midogo mfukoni. Idadi ya watu waliokuwapo iligombaniwa baadaye kama kila kitu kingine kuhusu Bulyanhulu, ila hakuna aliyekana kwamba ni maelfu mengi.

Machimbo hayo hayakuwa fujo, na hili lina uzito katika hoja nzima. Duara moja, yaani shimo la kuchimbia, lilikuwa na washirika wengi. Mwenye duara alikuwa na eneo. Mwenye mtaji alileta chakula, kamba, mbao za matimba ya kuzuia kuta zisiporomoke, na mafuta ya pampu. Wachimbaji walitoa nguvu na kuhatarisha roho zao. Mawe yakitoka yaligawanywa kwa viroba, kila upande na fungu lake, na mwenye shamba hakusahauliwa. Kila kundi lilitwanga mawe yake, likayaosha mwaloni, likaikamata dhahabu kwa zebaki na kuichoma. Duara likigongana na duara jirani chini ya ardhi, palikuwa na wazee na kamati za kuamua nani arudi nyuma. Hakuna lililoandikwa kwenye Gazeti la Serikali, lakini mtu aliyedhulumiwa kiroba alijua pa kwenda kulalamika na alijua atasikilizwa.

Ukanda huu una historia ndefu ya kujitungia utaratibu. Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa na watemi, na chini yao mabaraza ya wazee yaliyosuluhisha kesi za mifugo, ndoa na mipaka. Serikali huru ilipofuta utemi mwanzoni mwa miaka ya 1960, mabaraza yalipungua nguvu lakini mazoea ya kuamua mambo kwa pamoja hayakufa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wezi wa ng'ombe walipozidi na polisi wakawa hawafiki au wanafika kuchukua rushwa, vijiji vya Kahama na jirani zake viliunda sungusungu: vijana wenye pinde na filimbi, wenye viapo na uongozi wao, na adhabu yao kubwa ikiwa ni kumtenga mkosaji hadi alipe faini na kuomba radhi. Sungusungu waliua pia, na waliwaonea vikongwe kwa tuhuma za uchawi. Sifa zao zisifunike hilo. Serikali iliyumba kati ya kuwakamata na kuwasifu hadi mwaka 1989, ilipowapa nafasi kisheria. Watu wa Shinyanga, kwa hiyo, hawakuhitaji kufundishwa kwamba jamii inaweza kuwa na sheria bila dola. Walichokuwa wamejifunza kwa taabu ni kwamba sheria ya namna hiyo haina kinga mbele ya dola ikija na madai yake.

Na dola ilikuja na dai moja zito: madini yote ni mali ya Jamhuri. Kanuni hiyo ilirithiwa kutoka kwa Waingereza, ikawekwa katika Sheria ya Madini ya 1979 na tena katika ile ya 1998. Mwenye shamba anamiliki mahindi yake. Dhahabu iliyo chini ya mahindi si yake. Kanuni hii ina utetezi wa heshima. Mwaka 1958, katika andiko lake Mali ya Taifa, Julius Nyerere alisema kuwa ardhi ni zawadi ya Mungu kwa watu wote na kwamba haki ya mtu mmoja inatokana na jasho aliloliweka juu yake, si na kipande cha karatasi. Ukiupeleka msimamo huo chini ya udongo, unafika mahali pagumu. Kwa upande mmoja, dhahabu haikuumbwa na mtu yeyote, hivyo ni ya wote na serikali ndiyo msimamizi wake. Kwa upande mwingine, jasho la kuchimba duara la kina cha mita nyingi ni jasho la mchimbaji, na kwa mantiki ileile ya Nyerere linampa haki fulani. Msimamizi anapompa mtu wa tatu mali ya wote, tena mtu wa tatu kutoka nje, anawajibika kueleza kwa nini jasho la aliyetangulia halihesabiwi.

Mwaka 1994 eneo la Bulyanhulu lilikabidhiwa kwa Kahama Mining Corporation, kampuni tanzu ya Sutton Resources ya Kanada. Wachimbaji walikataa kuondoka. Kampuni ikaenda Mahakama Kuu Tabora mwaka 1995 kuomba waondolewe, na haikupata amri iliyoitaka. Julai 30, 1996, Waziri wa Nishati na Madini, William Shija, alitangaza kwamba wachimbaji waondoke mara moja. Agosti 2, mahakama ileile ya Tabora ilitoa zuio: wasiondolewe kwanza. Siku chache baadaye, Agosti 7, mitambo ilianza kufukia maduara chini ya ulinzi wa polisi.

LEAT na baadhi ya familia walidai kwamba wachimbaji zaidi ya 50 walifukiwa wakiwa hai. Serikali na kampuni walikana. Barrick, kampuni nyingine ya Kanada, ilinunua Sutton mwaka 1999, na mgodi mkubwa ukaanza uzalishaji mwaka 2001 ukiwa na dhamana ya MIGA, taasisi ya Benki ya Dunia inayowakinga wawekezaji dhidi ya hatari za kisiasa. Ofisi ya malalamiko ya taasisi hiyo ilichunguza mwaka 2002 na kusema haikupata ushahidi wa vifo. LEAT iliipinga taarifa hiyo na kudai tume huru ya uchunguzi. Tume hiyo haikuundwa. Badala yake, ofisi za LEAT zilipekuliwa na polisi mwishoni mwa 2001, na Lissu, pamoja na rais wa chama hicho Rugemeleza Nshala, wakashtakiwa kwa uchochezi.

Swali la vifo ndilo lililovuta macho ya dunia, na ni haki yake. Hata hivyo, lile la zuio la Tabora lina kina kikubwa zaidi kwa mtu anayetafakari sheria, kwa kuwa jibu lake halitegemei ushahidi uliofukiwa. Yapo maandishi ya amri, ipo tarehe, na yapo yaliyofuata. Thomas Hobbes, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17, angesema kwamba amri isiyo na upanga nyuma yake ni maneno matupu, na kwamba yule mwenye upanga ndiye anayetunga sheria. Kwa hesabu hiyo, sheria ya Bulyanhulu Agosti 1996 ilikuwa ile iliyotoka kwa waziri. Mapokeo ya pili, ya Augustino wa Hippo na Thoma wa Akwino, yanasema kinyume: amri inayokanyaga haki inapoteza sifa ya kuwa sheria, hata ikitolewa na mwenye kiti cha enzi. Mwanasheria wa kawaida hayuko kwa Hobbes wala kwa Thoma. Anaamini kwamba jaji asiye na askari hata mmoja anaweza kumsimamisha waziri mwenye askari wengi, kwa sababu tu pande zote zimekubali kuheshimu karatasi. Imani hiyo ndiyo chombo chake cha kazi. Ikivunjwa mbele ya macho yake, anabaki na njia mbili: aache kuamini, au akatafute mahali ambapo karatasi hupewa nguvu.

Mahali hapo ni siasa. Lissu alikuwa amewahi kugombea ubunge mwaka 1995 kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi akashindwa. Aliporudi uwanjani mwaka 2010 kupitia CHADEMA, Singida Mashariki ilimchagua, na muda mfupi baadaye alikuwa mwanasheria mkuu wa chama chake na mnadhimu wa kambi ya upinzani bungeni.

Kuhama kutoka mahakamani kwenda bungeni si kubadili ofisi tu. Wakili anamtumikia mteja mmoja, na maadili ya kazi yake yanamruhusu, hata yanamlazimu, kusahau masilahi ya wengine wote kwa muda wa kesi. Hatakiwi kujiuliza kama mteja wake akishinda taifa litapata hasara. Hilo ni la jaji na la watunga sheria. Mbunge hana ruhusa hiyo. Lazima ampime mchimbaji wa Bulyanhulu na mkulima wa Ikungi, mlipa kodi wa Dar es Salaam, na hata kampuni ambayo mkataba wake, mbaya au mzuri, ulitiwa saini kwa jina la nchi. Wanasheria wengi wanaoingia siasa hushindwa hapa: wanaendelea kumtetea mteja, ila mteja mpya ni chama. Wengine huanzia upande wa pili kabisa. Andrew Chenge, mzaliwa wa Bariadi, iliyokuwa Shinyanga hadi mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012, alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali katika miaka hiyohiyo ya Bulyanhulu na ya Sheria ya Madini ya 1998, kisha akawa mbunge wa Bariadi Magharibi kuanzia 2005. Mteja wa Mwanasheria Mkuu ni serikali, na Katiba inasema yeye ndiye mshauri wake. Kama mteja huyo anataka kupuuza zuio la mahakama, mshauri mwaminifu afanye nini? Jibu la vitabuni ni kwamba amwambie hapana, na akikataliwa ajiuzulu. Ni jibu sahihi, ingawa wanaoweza kulilipia ni wachache.

Katika nyakati hizo Katiba yenyewe ilikuwa imesogea. Haki za msingi ziliingizwa mwaka 1984, na mabadiliko ya mwaka 2000 yakaongeza Ibara ya 107A, inayosema kwamba mahakama ndiyo yenye kauli ya mwisho katika utoaji haki, na kuitaka isifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Maneno hayo yangekuwapo mwaka 1996 yangeongeza heshima ya karatasi ya Tabora. Kama yangeongeza nguvu yake ni suala jingine.

Mtihani mkubwa wa hoja ya Lissu ulitoka upande ambao haukutazamiwa. Machi 2017 Rais John Magufuli, mzaliwa wa Chato katika ukanda uleule wa dhahabu, alipiga marufuku kusafirisha makinikia, yaani mchanga wenye madini, nje ya nchi. Kamati mbili, ya Profesa Abdulkarim Mruma na ya Profesa Nehemiah Osoro, zikaripoti kwamba Acacia, kampuni tanzu ya Barrick iliyokuwa ikiendesha Bulyanhulu na Buzwagi, ilikuwa imeficha thamani ya madini kwa miaka mingi. Kampuni ikadaiwa kodi na adhabu ya takriban dola bilioni 190. Mapema Julai, Bunge likapitisha kwa hati ya dharura sheria mpya juu ya umiliki wa rasilimali na majadiliano upya ya mikataba yenye masharti mabaya. Mitaani watu walishangilia. Kwa mchimbaji aliyefukuzwa Bulyanhulu ilionekana kwamba dola iliyomgeuka sasa imemgeukia aliyemfukuza.

Lissu, aliyeipinga mikataba hiyo kwa miaka karibu ishirini, alisimama bungeni akaonya kwamba nchi imejifunga kwa mikataba ya kimataifa, MIGA ikiwamo, na kwamba isipoanza kwa kujitoa humo kwa taratibu zake itashtakiwa na kushindwa. Alizomewa na kuitwa wakala wa mabeberu. Ni rahisi kumwona kama mpinzani aliyepinga kwa mazoea, na bila shaka siasa ilikuwamo. Lakini msimamo huo ndio pekee ambao mtu wa zuio la Tabora angeweza kuushika bila kujipinga. Kama waziri wa 1996 alikosea kwa kuiweka nguvu mbele ya amri, rais wa 2017 hawezi kuwa sahihi kwa kufanya hivyohivyo dhidi ya mkataba, hata kama safari hii anayeumia ni kampuni tajiri na anayefaidika ni Mtanzania. Sheria inayomfunga mwenye nguvu siku anapokosea tu, na kumfungua siku tunapompenda, haimlindi mnyonge siku yoyote.

Wapo wanaojibu kwamba mkataba uliopatikana kwa hila hauna heshima ya kudaiwa utii, na hoja yao haiwezi kufukuzwa kirahisi. Augustino angekuwa upande wao. Matokeo nayo hayakwenda upande mmoja. Acacia ilifungua madai ya usuluhishi mwezi huohuo wa Julai, lakini Barrick ikaamua kuzungumza, na mazungumzo yakazaa kampuni ya Twiga Minerals, ambamo serikali ina hisa asilimia 16, pamoja na malipo ya dola milioni 300 ya kufunga mgogoro. Hayo si haba kwa nchi iliyozoea mrabaha wa asilimia 3. Upande wa pili wa daftari, mabadiliko yaliyofuta leseni za kuhodhi maeneo yaliipeleka nchi mbele ya wasuluhishi wa kimataifa: mwaka 2023 Indiana Resources ya Australia ilipewa tuzo ya dola milioni 109.5 dhidi ya Tanzania kwa mradi wa nikeli wa Ntaka Hill, na serikali ikamaliza shauri kwa kukubali kulipa dola milioni 90. Onyo la mwaka 2017 halikuwa la kubuni. Wala ukali wa serikali haukutoka bure. Anayetaka kuchagua kati ya pande hizi kwa kuhesabu dola tu atapata jibu linalobadilika kila mwaka, na ndiyo sababu swali la utii halipaswi kuachiwa wahasibu.

Septemba 7, 2017, Lissu alipigwa risasi nyingi nje ya makazi yake Dodoma alipotoka bungeni, mchana kweupe. Alikuwa rais wa Chama cha Wanasheria Tanganyika kwa miezi sita tu. Alitibiwa Nairobi, kisha Ubelgiji, na hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa shambulio hilo. Mwaka 2019 Spika Job Ndugai alitangaza kwamba amepoteza ubunge kwa utoro na kutojaza fomu za mali, na Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ikatupa maombi yake ya kupinga kwa sababu ya njia aliyotumia kuja mahakamani. Ibara ya 107A ilikuwapo na haikumsaidia. Alirudi nchini mwaka 2020 kugombea urais, akapewa takriban asilimia 13 ya kura katika matokeo ambayo chama chake hakikuyakubali, akaondoka tena, akarudi Januari 2023, na Januari 2025 akamshinda Freeman Mbowe katika kinyang'anyiro cha uenyekiti wa CHADEMA.

Katika mazungumzo ya Plato yaitwayo Krito, Sokrate anaandaliwa njia ya kutoroka gerezani lakini anakataa, kwa hoja kwamba mtu aliyeishi maisha yake yote chini ya sheria za mji hawezi kuzikana siku zinapomuumiza. Hoja hiyo imelaumiwa kwa karne nyingi kwamba inamdai mnyonge utii ambao mtawala hadaiwi. Lissu aliondoka nchini mara mbili, kwa sababu za wazi kabisa, na hakuna mwanafalsafa mwenye busara atakayemlaumu. Kinachohitaji maelezo ni kurudi kwake. Aprili 9, 2025 alikamatwa Mbinga, mkoani Ruvuma, baada ya mkutano wa kampeni ya chama chake ya kudai mabadiliko kabla ya uchaguzi, na kesho yake akashtakiwa kwa uhaini, kosa ambalo adhabu yake ni kifo. Juni mwaka huo aliiambia mahakama kwamba, kwa kuwa mawakili wake wananyimwa nafasi ya kuzungumza naye gerezani ipasavyo, atajitetea mwenyewe.

Nelson Mandela, wakili mwingine aliyegeuka mwanasiasa, alifanya hivyo Pretoria mwaka 1962, lakini kwa lengo jingine: aliikataa mahakama ya weupe watupu kama isiyo na haki ya kumhukumu, na hakuita shahidi. Lissu alichagua njia tofauti. Kesi ilipoanza kusikilizwa Mahakama Kuu Oktoba 2025, aliweka pingamizi za kisheria, akataja vifungu na hukumu za zamani, akawahoji mashahidi wa Jamhuri mmoja baada ya mwingine kama wakili yeyote anayetumaini kwamba jaji atamsikia. Wafuasi wake wapo wasioelewa kwa nini mtu mwenye historia hiyo aendelee kuwekeza maneno mahakamani. Ila anayedai kwamba waziri alipaswa kusimama mbele ya zuio la jaji wa Tabora amekwisha kusema, kabla hajaulizwa, kwamba yeye naye atasimama mbele ya jaji. Na akishasimama hapo, kilichobaki kuamuliwa si chake tena bali ni cha mahakama.